Bitana ya Fundi

"Tumbo hili limeshonwa kwa uzi wa chuma! Hospitali mimi naijua geti tu."

Hayo yalikuwa majigambo ya fundi cherehani, na wateja wake wakacheka hadi wakashika mbavu. Hawakujua kwamba alikuwa ameketi upande kama kuku anayetaga. Tangu juzi kitu kilikuwa kikimnyonga karibu na kitovu, kikiachia, kikirudi. Alijipapasa, asione uvimbe. "Ngiri hutokeza," akajituliza. "Hii ni gesi tu." Basi wateja wakimpa kisogo, huizungushia pasi kitambaa akajikanda nayo tumboni, kisha hukimbilia nyuma ya duka kutapika na kufukia kwa mchanga.

Siku hiyo mama mkwe wake alifuata koti lake, akamfuma ameikumbatia pasi.

"Mkwe wangu, unajipiga pasi?"

"Napima joto lake, mama."

"Kwa tumbo?"

"Ndiyo mtindo mpya."

Fundi akainuka kumvisha koti. Hakufika. Ukelele uliomtoka ulisimamisha mtaa mzima, naye akaanguka puu kama gunia. Muuza mkaa wa jirani akaja mbio.

Hospitalini, daktari alimpapasa, asione kilichotokeza. "Maumivu yameanza lini?"

"Leo leo, daktari. Nipe kidonge nirudi kazini."

Daktari akashika kalamu aandike dawa.

"Leo?" mama mkwe akadakia. "Mwanangu kaniambia hujatia kitu mdomoni tangu juzi! Na kule nyuma ya duka unafukia nini, wewe paka? Daktari, nimepita pale leo nikaona: huyu anatapika kijani!"

Kalamu ikatua. Picha ya tumbo ikapigwa, na daktari alipoitazama, uso ukamshuka.

"Ngiri ya ndani. Fundi, umewahi kuona sarafu ikipenya mfuko uliotoboka, ikazama kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani? Koti kwa nje safi kabisa. Utumbo wako umepenya tundu humo humo ndani, ukajisokota, damu haipiti. Sehemu iliyobanwa inakufa. Iliyo juu yake imejaa, inasukuma kila kitu hadi pumzi inakubana. Ikipasuka..."

Fundi, aliyeziba mifuko ya mtaa mzima, akajipapasa kitovu kama anayetafuta tundu. Mke wake, aliyekuwa amewafuata mbio hospitalini, akajishika kichwa.

Madaktari walimpasua, wakamkata kipande cha utumbo kirefu kama mkono wa shati, cheusi kama mkaa. Alibaki hai kwa kudra tu.

Alipoweza kuketi, majirani walikuja kumjulia hali. Sauti ikamrudia, na ulimi nao haukuchelewa.

"Mimi mtu makini, bwana. Nilihisi kitu kidogo tu, nikajileta mwenyewe, kwa miguu yangu hii."

"Miguu ipi, mkwe wangu?" Pazia la kitanda likasogea, mama mkwe alikuwa nyuma yake muda wote, koti begani. "Ule niliobeba mimi, au ule aliobeba muuza mkaa?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Fundi akaushika mshono wake, akajifunika shuka gubigubi. Wahenga walishasema, naye sasa ni shahidi: mficha maradhi, kilio humfichua.