Ufa Nyuma ya Nyumba

"Dalali mwema huanza na ufa." Mmeisikia sokoni leo, nanyi mnauliza ufa na dalali vina udugu gani. Basi methali hii ilianza hivi.

Hapa Tabora aliishi mshonaji mmoja, Bi Nyamizi, aliyepanga vyumba vya watu tangu ujana wake. Mwenye nyumba alipomtaka ahame, alisema, "Kupanga basi! Mama yangu haoni. Kila tukihama anaanza upya kujikwaa." Akaamua kununua nyumba.

Akampata dalali Sizya, kijana wa maneno matamu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na maji sebuleni.

"Huo ubaridi tu, mama. Kiangazi utanishukuru."

Ya pili ilipakana na kilabu cha pombe, muziki ukitikisa madirisha. "Hutakuwa mpweke," Sizya akasema.

Ya tatu ilimpendeza. Alikuwa anapima dirisha kwa shubiri, akiwazia pazia, mara akaingia mwanamke mwenye kapu la mboga.

"Nyie ni nani?"

"Tunaangalia nyumba inayouzwa."

"Inauzwa na nani? Mimi naishi humu na siuzi!"

Sizya akakohoa. "Nilidhani ukimwona mteja utashawishika."

Bi Nyamizi alitoka kwa hasira na aibu. Miguu imevimba, siku ya kuhama inakaribia, na nyumba hana.

Shoga yake akampeleka kwa Bi Tausi, dalali asiye na maneno mengi, aliyemuuliza kwanza ataishi na nani. Walipofika kwenye nyumba ya kuuzwa, Bi Nyamizi alinyoosha mkono kusukuma mlango. Bi Tausi akamzuia.

"Usiingie kwanza. Twende nyuma."

Huko nyuma, ufa ulipanda kutoka kwenye msingi hadi dirishani, kiganja kinaingia.

"Tena nyumba hii ni ya urithi, na ndugu mmoja hajakubali kuuza. Asipokubali, usitoe hata senti."

Bi Nyamizi akafura. "Wewe nawe! Yule ananificha, wewe unanifukuza! Unauza nyumba au unanichosha?"

"Nauza. Lakini watakaolala humu ni wewe na mama yako, si mimi. Ukiweza kuishi na ufa huu, au kuuziba, ndipo nikufungulie."

Bi Nyamizi akautazama tena ule ufa. Katika kuzunguka kote kule, Sizya hakuwahi hata kumuuliza nani ataishi naye. Akaomba afunguliwe.

Yule ndugu alifuatwa Nzega, akakubali. Bei ikashuka kwa sababu ya ufa, fundi akaubomoa ule ukuta na kuujenga upya, na mvua zikawakuta mama na binti ndani, pakavu.

Siku moja Sizya akamkuta Bi Nyamizi sokoni, akamcheka mbele ya watu. "Mama, umeuziwa nyumba yenye ufa!"

"Ndiyo," akajibu. "Na ndicho kitu cha kwanza nilichoonyeshwa. Wewe ulinionyesha nini?"

Soko zima likacheka. Tangu hapo, mtu wa Tabora akitafuta nyumba, huambiwa: dalali mwema huanza na ufa.