Somo Muzne na Jini wa Mabeseni ya Shaba

Alitawala katika mji wa Zahrani, mji wa kuta nyeupe na chemchemi zisizokauka, sultani mmoja jina lake Ghalibu bin Masudi, mtu mpole wa maneno na mvivu wa kuuliza, na kwa uvivu wake huo mambo yote ya nchi aliyaacha mikononi mwa waziri wake Zaghlani, na yeye kazi yake ikawa kutia muhuri na kula halua. Na katika mji huo aliishi mjane mmoja aitwaye Muzne binti Khalfani, naye alikuwa somo, mwenye kuwafunda mabibi harusi. Hakuna msichana wa Zahrani, wa maskini wala wa tajiri, aliyeingia nyumbani kwa mumewe bila kwanza kukaa na Muzne chumbani mlango umefungwa. Na yote aliyoambiwa humo, hofu za wasichana na maradhi yao na mambo waliyoyaonea haya hata mbele ya mama zao, yaliingia kwake yakakaa, hayakutoka hata kwa mzaha.

Siku moja waziri Zaghlani akatoa zawadi ambayo mfano wake haukuwahi kuonekana. Ngamia waliingia uwanjani wamesheheni mabeseni ya shaba, na mpiga mbiu akanadi ya kwamba kila nyumba itapewa beseni moja bila malipo, na mwenye kulijaza maji na kutaja jina la ampendaye ataiona sura yake ndani ya maji na kuisikia sauti yake, hata awe ng'ambo ya jangwa. Watu wakafurika, wakasukumana, wakakanyagana. Kisha akapanda jukwaani msomaji wa masharti, akayasoma kwa lugha ya majini, harakaharaka kama mtu atafunaye karanga, tangu asubuhi hadi jua la utosi, na hakuna aliyeelewa hata neno moja, na joto linaunguza, na kila mtu anamtamani ndugu yake wa mbali. Mwishowe akageukia lugha ya watu, akauliza neno moja tu: "Mmeridhia?"

"Tumeridhia!" wakaitika wote, na Muzne miongoni mwao, kwani alikuwa na dada aliyeolewa mbali na uso wake alikuwa ameanza kuusahau.

Na kwa muda furaha ilikuwa kubwa, ni haki kusema hivyo. Mama walicheka na wana wao walioko safarini, na Muzne na dada yake walilia hadi machozi yakaanguka ndani ya beseni.

Wakati huo Raihana, binti wa fundi wa taa, alikuwa amechumbiwa na Nadhiri, kijana mwuza mazulia, na harusi imekaribia. Raihana akashikwa na homa, asiweze kutoka kwenda kwa somo wake, basi akajaza beseni maji, akamwita Muzne, na uso wake ulipotokea akasema kwa sauti ya chini, "Somo, nina jambo. Mimi nina kifafa. Tangu utotoni huanguka, na wanaojua ni baba na mama tu. Nadhiri hajui. Nifanyeje?"

Muzne akamwambia, "Mwanangu, huna kosa la kuungama. Mwambie mwenyewe kabla ya nikahi, kwa kinywa chako, kwa maneno uliyoyachagua. Akikaa, amekaa na wewe mzima. Akiondoka, ni bora aondoke sasa."

"Nitamwambia Ijumaa, atakapokuja na wazee wake," akasema Raihana, na moyo wake ukatulia.

Ijumaa ikafika, na Nadhiri na wazee wake wakaja na sinia za mahari, na kabla hawajavua viatu, wauza dawa wakatokea kila upande wa mtaa, wakalizingira lango la fundi wa taa kama nzi kwenye tende, wakipaza sauti: "Dawa ya kifafa! Hirizi ya bibi harusi aangukaye! Raihana, binti wa fundi wa taa, kwako ni nafuu! Nunua kabla mume hajajua!"

Wazee wakatazamana. Fundi wa taa akashika ukuta. Raihana akasimama mlangoni na maneno yake aliyoyapanga kwa siku zote zile yakamfia mdomoni, na Nadhiri akainama, akaufuata mkono wa baba yake, akaondoka pasipo kuuliza lolote. Na jioni ile barazani vijana wasio na kazi walikuwa wakijitupa chini na kutikisa miguu, watu wakicheka hadi wakashika mbavu.

Muzne alipopata habari alifunga ushungi akatoka, na njiani akasikia lililomchoma kuliko kicheko. Mwanamke mmoja alimwambia mwenziwe, "Naye nani alimtuma kusema mambo yake mbele ya beseni? Kajitakia."

Muzne akasimama hapo hapo. "Kajitakia?" akasema. "Mwizi akivunja mlango wako usiku, utajilaumu kwa kuwa na mlango? Mtoto amesema na somo wake. Aliyesikiliza ndiye mwenye kuulizwa!"

Akaenda moja kwa moja hadi kwa waziri Zaghlani, akamkuta amejinyoosha juu ya mito ya hariri, na nyuma yake ghala kubwa lililojaa mitungi, kila mtungi mdomo wake umefungwa kwa ngozi na ndani yake sauti za watu zikinong'ona, na wafanyabiashara wakipita humo wakitega masikio, huyu akinunua maradhi ya watu, yule akinunua safari zao apate kujua nyumba zipi zitabaki tupu. Muzne alipoelewa alichokiona, akasogea hadi mbele ya mito.

"Bwana Waziri," akasema, "maneno ya mwanangu Raihana yamo humu?"

"Yamo, na ya kwako," akajibu Zaghlani kwa upole. "Jini wa mabeseni huyakusanya, nami huyauza. Masharti yalisomwa hadharani, bibi, na ninyi mkaridhia. Ya nini makelele? Mtu mwema ana nini cha kuficha?"

"Nguo hizi nilizovaa sikuziiba mahali," akasema Muzne, "wala chini yake sikuficha haramu. Nimejistiri kwa kuwa mwili ni wangu. Na wewe mwema, mbona ghala lako lina kufuli?"

Zaghlani akaashiria askari, nao wakamtoa Muzne nje kwa kumburura, ushungi wake ukaanguka vumbini.

Akarudi nyumbani, akajifungia, akalijaza beseni lake maji, na badala ya kumwita dada yake akapiga ukingo wa shaba kwa kiganja na kusema, "Ewe usikilizaye! Najua umo. Toka uonekane, kama una haya."

Maji yakachemka bila moto, na katika mvuke akatoka jini mwenye masikio mapana kama majani ya mgomba na mdomo mdogo kama tundu la sindano, akainama kwa adabu akasema, "Mimi ni Samarghasi. Chakula changu ni maneno, na Zaghlani ameniahidi maneno ya mji mzima, na siku yatakapokatika nitajilipa kwa ya kwake. Nakuona una ghadhabu naye. Niulize nikupe siri zake, ninazo tele, umwaibishe kesho barazani."

Hatusemi uongo: Muzne alitamani. Alimwona moyoni Zaghlani akichekwa kama Raihana alivyochekwa, na kwa kitambo kidogo ilikuwa tamu. Kisha akasema, "Sitaki. Nikizinunua, nitakuwa mmoja wa wale wa ghalani. Nataka jambo jingine. Nisomee yale masharti, kwa lugha yangu, polepole."

Jini akakunja uso. "Kwa sheria yetu siwezi kumkatalia aliyeridhia," akasema, "ila hakuna aliyewahi kuomba." Akaanza kusoma, na kila sharti lilikuwa baya kuliko lililotangulia: kwamba kila neno lisemwalo mbele ya maji ni mali ya jini, kwamba beseni husikia hata lisipoitwa, mradi lina maji, kwamba la mtoto ni sawa na la mtu mzima. Na mwisho kabisa, pale ambapo jua lingekuwa limewachosha watu wote, palifichwa sharti dogo: mwenye kumwaga maji na kusema kwa kinywa chake "Natengua ridhaa yangu", jini hana haki naye tena.

"Na yaliyokwisha kuuzwa?" akauliza Muzne.

"Hayo hayarudi," akasema Samarghasi.

Muzne alilia kidogo, kisha akayamwaga maji uani, akatamka, na beseni likawa shaba tupu. Akatoka. Akaingia nyumba moja baada ya nyingine, na milango yote ilimfunguka, kwa kuwa nyumba zote alikwisha kufunda humo, akawaeleza wake na waume masharti waliyoyaridhia, naam, kwa maneno ya kueleweka, na wengine wakamkatalia wakisema beseni ni tamu na wao hawana siri, nao akawaacha, na wengine wakashika vichwa, wakamwaga maji palepale. Yule mwanamke wa njiani alimwaga la kwake huku ameinamisha uso. Ukawa mji mzima unanuka udongo uliolowa.

Zaghlani alipoona mitungi yake haiingii kitu, akamshtaki Muzne kwa uasi, na Sultani Ghalibu akamwita mbele ya baraza, na mbele yake paliwekwa beseni la dhahabu la kasri, limejaa maji.

"Ewe mwanamke," akasema Sultani, "umekataa zawadi yetu na kuwafitini raia. Una la kusema?"

"Maulana," akasema Muzne, "zawadi haimsikilizi aliyepewa. Binti mmoja katika mji wako alikuwa na neno la kumwambia mchumba wake, nalo likaibwa, likauzwa, likapigiwa kelele langoni kwa baba yake. Nani aliyeshtakiwa? Mimi! Walioiba wamekaa kwenye mito. Kama Maulana alijua, nasikitika. Kama hakujua, nasikitika zaidi."

Zaghlani akainuka kunena, na papo hapo maji ya lile beseni la dhahabu yakachemka, kwani jini njaa ilikuwa imemzidi na ahadi imekatika, na sauti ya Zaghlani mwenyewe ikatoka ndani ya beseni, sauti ya kilio, ikimwita mama yake aliyekufa, ikisema anaogopa giza, ikimsihi mkewe asizime taa. Mawaziri wakaanza kucheka. Wakacheka kama vijana wa barazani, hata askari wakacheka, na Zaghlani akajifunika uso kwa kilemba.

Muzne alivua ushungi wake mbele ya wanaume wote wale, akaufunika juu ya beseni, akaushikilia kwa mikono miwili.

"Nyamazeni!" akasema, na hasira yake sasa ilikuwa juu yao. "Mnacheka nini? Nani kati yenu haogopi kitu nyumbani kwake?"

Sultani akastaajabu. "Unamstiri adui yako?"

"Maulana, mhukumu kwa aliyoyatenda mchana mbele ya mashahidi. Ghala lipo, nenda ukalione. Haya ni yake na mkewe, wala si yangu wala si yako."

Sultani Ghalibu akaisukuma kando sahani ya halua, na kwa mara ya kwanza katika utawala wake akaenda mwenyewe kuona. Aliporudi alikuwa mtu mwingine kwa aibu. Akamvua Zaghlani uwaziri na kumfukuza mjini, akaamuru mitungi isifunguliwe na yeyote bali kila mtu akabidhiwa wake akaupasulie nyumbani, na mabeseni yakayeyushwa, na jini Samarghasi akaondoka na njaa yake. Nyumba ya waziri na bustani zake akapewa Muzne, naye akaifanya nyumba ya kufundia, yenye kuta nene.

Baada ya hayo Nadhiri akaja kwa fundi wa taa peke yake, bila wazee. Muzne alikuwapo, akamsema bila huruma, "Uliondoka bila kuuliza!" naye hakujitetea. Akamwambia Raihana, "Nimekuja kuomba radhi. Nimekwisha kusikia yote, wala hayanizuii."

"Hujasikia," akasema Raihana. "Uliyoyasikia yaliibwa. Keti."

Akaketi. Raihana akaanza tangu utotoni, kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe, na Nadhiri akasikiliza kama mtu asiyejua lolote, na alipomaliza ndipo akamposa upya, na Raihana akamwambia asubiri jibu. Alisubiri sana. Jibu lilipokuja lilikuwa ndiyo, wakaoana, na taa za baba mtu ziliwaka mtaa mzima, na waliishi kwa heri na riziki pana.

Hayo ndiyo yaliyowapata watu wa Zahrani, nami nimeyafikisha kama nilivyoyapokea. Basi, enyi wasikilizaji, mkiulizwa "mmeridhia?" semeni kwanza, "Tusomee, kwa lugha yetu." Na mkimwona mtu aliyeibiwa maneno yake, msimwulize kwa nini alisema. Mwulizeni mwizi.