Pimbi na Jabali Jekundu

— Enyi mliokaa, ngano ije?
— Na ije, mkeka tumeshautandika!

Hapo zamani za kale, chini ya mlima wenye barafu kileleni, palikuwa na bonde la majani mabichi. Katikati ya bonde lilikaa jabali jekundu, kubwa kama nyumba. Fisi alipanda juu yake akatangaza kuwa babu yake ndiye aliyelibeba mgongoni mpaka hapo, kwa hiyo bonde zima ni lake, na kila mnyama amletee mfupa kila siku.

Pimbi alikuwa mla majani, mama wa watoto watatu. Mfupa angeutoa wapi? Fisi akampa siku saba. Zikipita bila mfupa, atoe mtoto.

Pimbi akarudi kwake. Njiani alipita juu ya mwamba, akahisi mikwaruzo chini ya nyayo. Akaitazama: yote imenyooka kuelekea mlimani. Akawaacha wanawe kwa jirani yake Paa, akaifuata.

Siku ya kwanza akapanda, akaona mikwaruzo. Siku ya pili akapanda, akaona mikwaruzo. Siku ya tatu akafika kwenye barafu, meno yakimgongana kwa baridi. Huko mwamba wote ulikuwa mwekundu! Mawe mekundu yalikuwa yamenasa ndani ya barafu kama mbegu ndani ya boga, na barafu ilipojivuta, yakakwaruza mwamba: kwaru, kwaru.

Pimbi akashuka, na siku ya saba wanyama walikusanyika penye jabali. Pimbi akauliza taratibu, "Bwana Fisi, babu yako alilitoa wapi jabali hili?"

"Mtoni. Nani asiyejua?"

"Mawe ya mtoni ni meusi yote. Hili ni la kileleni. Zamani barafu ilishuka mpaka hapa, ikalileta, kisha ikayeyuka ikaliacha. Alama zake hizi hapa."

Fisi akageuza maneno, akasema basi babu alilileta kutoka mlimani. Nyati akamwambia mjukuu wa shujaa alisogeze kidogo tu. Fisi akasukuma. Akasukuma tena. Mara ya tatu, kiuno kikasema kwa! akabwagika matopeni.

Wanyama wakacheka mpaka machozi. Fisi akahama bonde, na mpaka leo mgongo wake umeinama nyuma. Pimbi akaenda kuwachukua wanawe, wakala majani wakashiba.

Wenzangu, uongo una mdomo mpana, lakini ukweli una nyayo. Azifuataye kwa subira hadhulumiwi.

Ngano nimeitua hapa. Iliyo tamu nendeni nayo, makapi niachieni mwenyewe.