Studio ya Feruzi

Kuna watu ambao nyoka yuko miguuni pao na fimbo fupi wanayo mkononi, lakini bado wanaisifu fimbo ndefu iliyoko ng'ambo ya mto. Methali yetu inawaonya kwamba cha kumfaa mtu wakati wa haja ni kile kilicho karibu naye, hata kikiwa duni. Feruzi, mpiga gitaa wa Kisangani, aliijua methali hiyo tangu utotoni. Lakini kuijua ni jambo moja na kuitii ni jingine.

Katika miaka ya mwisho ya themanini, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire na chama kikiwa kimoja tu, Feruzi alirudi nyumbani kwa mama yake baada ya kupiga muziki Kinshasa. Alirudi na redio-kaseti yenye maikrofoni yake, na ndoto ya kujenga studio katika chumba chake cha kulala.

Mama yake, Sikujua, alikuwa mwimbaji wa maharusi. Katika mtaa wao wa Waislamu, hakuna msichana aliyetoka kwao kwenda kwa mume bila Sikujua kumwimbia. Wanawake wengine waliitikia tu. Mwenye maneno alikuwa yeye, na maneno hayo aliyarithi kwa mama yake, ambaye naye aliyapata kwa bibi aliyetoka Maniema. Kwa desturi yao, msichana asiyeolewa hakufundishwa nyimbo hizo, maana walisema atakayeziimba mapema hatatoka kwao kamwe. Hivyo hata Nyota, binti wa pekee wa Sikujua, ambaye tayari alikuwa na mchumba, hakujua ubeti hata mmoja.

Mwaka huo kifua kilimbana Sikujua. Alikonda, akawa anapumzika baada ya kila hatua. Siku moja akamwita mwanawe.

"Feruzi, pumzi yangu iko inaisha. Shika nyimbo zangu ndani ya mashini yako. Siku Nyota atatoka hapa, kama miye siko, mashini itamuimbia."

"Mama, usiogope," Feruzi alijibu. "Nitazishika zote."

Asubuhi iliyofuata Sikujua aliketi mkekani, amejifunga kitambaa kipya kichwani kama anayekwenda arusini. Feruzi alimwekea maikrofoni, akabonyeza kitufe, kaseti ikaanza kuzunguka. Uani Nyota alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo.

"Nianze?" mama aliuliza.

"Ngojea, mama," Feruzi alisema, akaisimamisha kaseti. "Kinu iko inapiga kelele."

Nyota akauacha mchi mara moja. Lakini Feruzi alikuwa amekwisha kurudisha kaseti nyuma ili asikilize, na alichokisikia kilimkunja uso. Sauti ilikuwa na mvumo, kama mafuta yanayochemka kwenye sufuria.

"Bon, mama, leo hapana," alisema. "Kaseti hii ni aibu. Sauti yako inahitaji ordinateur."

Kompyuta hiyo aliiona Kinshasa, mezani kwa mpiga kinanda mmoja tajiri, na tangu siku ile usingizi ulimpungua. Rafiki yake Augustin, aliyekuwa akiishi Brussels, alimtumia magazeti yenye picha za mashine. Feruzi akachagua moja. Kabla haijaagizwa, likaja gazeti jingine lenye mashine ya kumbukumbu kubwa zaidi, akaghairi. Akahamia kwenye programu. Hii ilikuwa na nguvu lakini nzito, ile ilikuwa nyepesi lakini haipangi ala nyingi. Alichagua na kuchagua, kama mchagua nazi aliyeangukia koroma. Wakati huohuo alipigilia mikeka na magodoro ya zamani ukutani ili kuzuia sauti ya mvua kwenye mabati. Kila asubuhi mama yake alimtazama na kuuliza, "Leo?" Naye, Mungu amsamehe, kila asubuhi alikuwa na sababu.

Nyota alishindwa kuvumilia, akamwambia kaka yake: "Yaya, chukua kaseti tu. Mama iko anaisha."

"Weye hauelewe, Nyota. Kaseti inakula sauti. Alors, kisha miaka kumi mutasikia nini?"

"Tutasikia mama," Nyota alisema, akaingia jikoni akilia.

Hatimaye mashine ikaagizwa, ikafika Kinshasa, ikapakiwa kwenye meli ya kupanda mto. Lakini maji yalikuwa yamepungua, na meli ikakwama mchangani kabla ya kufika mji wa Basoko. Feruzi alishinda bandarini akitazama mto mtupu. Nyumbani sauti ya mama yake ilikauka ikawa mnong'ono, kisha hata mnong'ono ukakoma. Sikujua alifariki siku ya Ijumaa, akazikwa baada ya swala.

Makasha ya mashine yalifika wanawake wakiwa bado wameketi kwenye mikeka ya matanga. Feruzi aliyafungua baada ya arobaini. Umeme ulikuwepo siku hiyo, kioo kikawaka, programu ikafunguka. Akashika maikrofoni, akatafuta pa kuichomeka. Aligeuza mashine mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali. Programu aliyoichagua kwa mapenzi makubwa ilipanga noti za kinanda tu, haikunasa sauti ya mtu. Hata kule Ulaya, waliokuwa na mashine kama yake walirekodi waimbaji kwa utepe, kama ule wa kaseti.

Siku ya arusi ya Nyota ikafika. Wanawake walimwogesha, wakampaka manukato, wakamfunika nguo mpya. Ulipofika wakati wa wimbo, walitazamana. Mmoja akaanza, maneno yakampotea.

"Yaya," Nyota aliita kutoka chini ya kitambaa, "leta ile kaseti."

"Nyota, haina kitu."

"Leta tu."

Feruzi aliweka redio-kaseti katikati ya wanawake, akabonyeza. Kwanza walisikia mchi ukipiga kinuni, na Nyota akautambua mkono wake mwenyewe. Kikafuata kikohozi. Kisha sauti ya Sikujua, wazi kabisa, kana kwamba ameketi pale pale mkekani: "Nianze?"

Ikajibu sauti ya Feruzi: "Ngojea, mama."

Baada ya hapo ulibaki mvumo mtupu.

Nyota aliomba irudiwe, ikarudiwa. Wanawake walilia, na Feruzi alilia kuwashinda wote. Kisha bibi arusi akasimama, akavuka kizingiti cha mama yake bila wimbo, wa kwanza katika ukoo wao kutoka hivyo. Chumbani, kati ya mikeka na magodoro, ile mashine ya kutoka Ulaya ilikuwa imefunikwa shuka ili isiingie vumbi.

Kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.