Nyumba ya Mhanga

Paukwa!

"Pakawa!"

Lo, mmeitika kama mliomeza pamba. Wenye nyumba waitike, wapangaji waitike, na wanaolala kwa shemeji waitike. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sawa. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiuziana nyumba, palikuwa na ngiri mmoja jike. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Bi Chonge, lakini nani alilitumia? Pori zima lilimwita Mama Wanini. Ukimwambia, "Nimeona moshi," atakuuliza, "Moshi wa nini?" Ukimwambia, "Nasikia kelele," atakuuliza, "Kelele za nini?" Wengine walikereka. Wakimwona njiani, wanakata kona. Mimi nampenda, nawaambia mapema, msije mkasema nimependelea kwa kificho.

Mama Wanini hakuwa na nyumba. Alilala chini ya kichaka cha miiba, mvua yake, jua lake. Na sasa alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka hadi magotini. Masika yalikuwa yanakaribia. Watoto wa ngiri wakizaliwa kwenye baridi na maji, hawaponi. Hilo alilijua, nalo lilimkosesha raha.

Lakini alikuwa na akiba. Makapu kumi ya ndago. Ndago mnazijua? Vile vijiviazi vidogo vya chini ya nyasi. Kwa ngiri hicho ndicho chakula, na hiyo ndiyo fedha. Misimu mitatu alichimba. Chimba, weka. Chimba, weka. Njaa inauma, yeye anaweka.

Siku moja akaja Nguchiro. Nguchiro alikuwa dalali wa nyumba. Mwili mwembamba, mkia mrefu, ulimi mrefu kuliko mkia. Jambo moja alijisifia: hajawahi kusema uongo. Na kweli, hakuwahi. Neno hilo litieni mfukoni, tutalihitaji.

"Mama, nimepata nyumba," akasema. "Tena si nyumba, ni nyumba!"

"Nyumba ya nini?"

"Ya kukaa, mama! Twende ukaione."

Wakaenda. Nguchiro mbele, chapu chapu chapu. Ngiri nyuma, du, du, du.

Nyumba ilikuwa bondeni. Mlango mpana. Kizingiti kimepakwa udongo mwekundu, kimesuguliwa hadi kinang'aa. Majani mabichi hatua mbili tu kutoka mlangoni. Mama Wanini akaingiza kichwa, mkia juu. Akanusa, fu fu fu. Ndani kulinukia udongo mpya. Chini kulikuwa na mchanga mweupe, laini.

"Mchanga huu wa nini?"

"Unalalika, mama. Jaribu."

Akajaribu. Kweli, unalalika.

"Ukuta umepakwa lini?"

"Jana. Kwa ajili yako."

"Na aliyekuwa akikaa humu, kwa nini amehama?"

Nguchiro akajikuna sikio. Akatazama juu, akatazama chini. Kisha akasema, "Aliyekuwa akikaa humu, mama, ni mhanga."

"Mhanga!"

Moyo wa Mama Wanini ukaruka. Nyinyi mnamjua mhanga. Yule mla mchwa mwenye masikio ya punda na pua ndefu. Porini hakuna mchimbaji kama yeye. Shimo la mhanga halibomoki. Kila ngiri, tangu akiwa mdogo, huota kulala katika shimo la mhanga.

"Mhanga kweli?"

"Mhanga hasa, mama. Muulize yeyote."

Basi kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mama Wanini hakuuliza swali lake. Furaha ilimziba mdomo. Hata mimi ningezibwa.

"Bei gani?"

"Makapu kumi."

"Yote?"

"Nyumba nzuri haikai sokoni, mama. Toa arubuni ya makapu mawili nikushikie. Ila nakuambia mapema, arubuni ikishatoka hairudi."

Mama Wanini akatoa makapu mawili. Pu! Pu! Nguchiro akayabeba, akaenda zake anapiga mluzi.

Kesho yake asubuhi, Mama Wanini akarudi peke yake. Alitaka kujua watoto watalala upande gani. Lakini jana, alipoingia kwa kichwa, kugeuka ndani kulimtesa kwa lile tumbo. Leo akapata akili. Akageuka huko huko nje, akaingia kinyumenyume, makalio kwanza. Msicheke. Nyinyi matumbo yenu madogo.

Akakaa ndani, uso mlangoni. Sasa, jana aliitazama nyumba. Leo akatazama kile ambacho nyumba inakitazama.

Akaona kilima. Kutoka kilimani akaona mfereji unashuka. Unashuka, unashuka, unanyooka mpaka mlangoni pake. Akaona nyasi za kando ya mfereji zimelala, zote zimeelekeza vichwa kwake. Akaona kichaka mbele ya mlango, na juu ya kichaka, usawa wa masikio yake, takataka kavu zimening'inia.

"Takataka juu ya kichaka?" akajiuliza. "Za nini?"

Akaparua ule udongo mwekundu kwa pembe ya jino. Para! Chini yake ukuta ulikuwa na mstari wa tope, umezunguka chumba kizima, kama bakuli la uji lililosahauliwa kuoshwa.

Akatoka. Hapo juu kidogo alikaa Bibi Nungunungu, mzee wa miiba mirefu na macho hafifu.

"Hodi, bibi!"

"Karibu. Nani wewe?"

"Mnunuzi wa nyumba ya bondeni. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Pole ya nini, bibi?"

"Kwani hujanunua?"

"Nimetoa arubuni tu. Nilitaka kujua, yule Mhanga alihamia wapi?"

"Mhanga yupi?"

"Aliyekuwa akikaa pale."

"Pale? Pale alikaa Kalunguyeye. Kabla yake Kicheche. Mhanga hajatia hata ukucha pale."

"Mbona dalali kaniambia aliyekaa mle ni mhanga?"

Bibi Nungunungu akamsogelea, akamtazama kwa karibu. Kisha akaanza kucheka. Miiba yake ikalia, chakacha, chakacha, chakacha.

"Mwanangu, wewe si ndiye Mama Wanini? Sasa hukumuuliza mhanga wa nini?"

"Sikumuuliza."

"Mhanga wa mafuriko! Masika yaliyopita Kalunguyeye alitoka mle anaelea juu ya gome la mti. Wanawe tuliwaokota kwenye matete, mmoja mmoja. Na huo mchanga mweupe, nani aliuleta? Maji!"

Mama Wanini aliona aibu mpaka masikio yakalala. Muulizaji wa pori zima! Maneno mawili tu, na hayo mawili ndiyo aliyoyameza.

Akamfuata Nguchiro. "Umenidanganya."

"Nilidanganya wapi, mama? Kalunguyeye si mhanga?"

Mama Wanini akafikiri. Akafikiri tena. "Hukudanganya," akasema.

"Basi lete makapu manane yaliyobaki, tumalize."

Hapa, wasikilizaji, ndipo wengi wanapozama. Anasema, nimeshatoa mawili, nitayaachaje? Anaongeza manane ili kuyaokoa mawili. Mama Wanini akalitazama tumbo lake. Makapu mawili yalimuuma. Aliyachimba kwa pua yake mwenyewe. Lakini akasema, "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Baki nayo."

Nguchiro akacheka, kwekwekwe. Mama Wanini akaondoka bila kugeuka, machozi yanamlenga.

Akatafuta. Siku nne alizunguka, na kila alipofika aliuliza. Siku ya tano akamkuta Fundi Mhanga mwenyewe, mwenye masikio yake ya punda, anafunga virago mlangoni pake, juu ya mwinuko.

Nyumba haikuwa na sura. Mlango mwembamba. Mzizi umetokeza katikati kama kidole. Ukutani kuna ufa. Udongo mwekundu? Hata chembe.

"Unahama kwa nini, fundi?"

"Mchwa wameisha."

Mama Wanini akaenda kugonga vichuguu, kimoja kimoja. Ko, ko, ko. Vitupu. Akawauliza majirani wa kushoto na wa kulia. Akaingia kinyumenyume, akatazama nje. Bado hakutoa kitu. Akangoja. Manyunyu ya kwanza yalipodondoka, wenzake wakikimbilia kwao, yeye akakimbilia kule, akasimama anatazama. Maji yakaenda kushoto. Maji yakaenda kulia. Mlangoni, pakavu.

"Bei gani, fundi?"

"Makapu saba."

"Na ule ufa?"

"Haya, sita."

"Na mlango huu, mimi na tumbo hili nitapita vipi?"

"Umepita sasa hivi, mama."

"Kwa kusukumwa na wewe, fundi!"

Fundi Mhanga akatikisa masikio. "Mama huyu anabana! Lete matano, tusikeshe."

Akalipa matano, yakabaki matatu. Jamaa zake wakaja na ushauri, maana ushauri hauna bei. "Nunua udongo mwekundu upake kizingiti. Watu watapita watasema nini?" Mama Wanini akasema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kizingiti kitangoja." Akafungua kapu moja, akawaalika majirani na Bibi Nungunungu waje kula. Waliposhiba wakashika kazi. Huyu anapanua mlango, yule anakata mzizi, Bibi Nungunungu anakandika ufa huku akiimba vibaya. Jua halijatua, kazi imekwisha. Makapu mawili ya mwisho akayafukia kwenye kona.

"Hizo za nini?" wakamtania.

"Za lile nisilolijua," akajibu.

Akajifungua watoto wanne. Siku iliyofuata masika yakapasuka. Chwaaa! Siku moja, siku mbili, siku tatu. Bondeni maji yakaunguruma, gwaaa! Mama Wanini amelala na wanawe, migongo mikavu, uso mlangoni.

Siku ya tatu adhuhuri, akasikia sauti nyembamba.

"Hodi! Hodi, mama!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mlangoni pamesimama kitu kidogo, kimelowa chapachapa, mkia umekuwa uzi. Nyumba ya bondeni ilikosa mteja, kwani habari ilikwisha zagaa. Basi Nguchiro akaona aihamie mwenyewe na makapu yake yote ya arubuni. Si alisema mchanga unalalika?

"Mimi, mama," akasema, "ni mhanga."

Safari hii Mama Wanini hakusahau. "Mhanga wa nini?"

Meno ya Nguchiro yakagongana, kakakaka. "Wa mafuriko, mama."

Mama Wanini akacheka mpaka watoto wakaamka. Alicheka, kisha akasogea, akampisha njia. "Ingia. Na makapu yangu mawili?"

"Yamekwenda na maji. Yako na ya wenzako."

Mama Wanini akafukua ile kona. Akatoa ndago konzi mbili, akamwekea Nguchiro mbele ya pua.

Nguchiro akazitazama, akamtazama. "Hizi za nini, mama?"

"Nilizificha kwa lile nisilolijua," akasema Mama Wanini. "Kumbe lilikuwa wewe. Kula."

Nguchiro akala huku analia. Na tangu siku ile, ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, uso nje. Mkimwona, msimcheke.

Funzo ni hili. Usinunue nyumba kwa rangi ya mlango. Iendee siku ya mvua, muulize jirani kabla ya dalali, na usimalize akiba yote kwenye bei. Na neno likikupendeza mno, hilo hilo liulize maana yake. Aulizaye hajui, lakini asiyeuliza huelea juu ya gome.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mama Wanini, pakavu. Mwenye swali na aulize sasa, asiende nalo nyumbani.