Bwana Kitwana Apigwa Picha Juu ya Farasi

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu. Huko Diani, Bwana Kitwana mwenye hoteli alimvamia Bi Mejumaa, aliyekuwa akiwapandisha watalii farasi ufukweni.

"Kila siku unanipitia mbele ya hoteli! Farasi namchukua."

"Mchukue, baba. Ukishukia mlangoni kwako, ni wako. Akikurudisha bandani kwangu, usinisumbue tena."

Bwana akapanda. Mlangoni, Mejumaa akamwambia, "Usishuke kwanza, bosi. Tajiri mzima juu ya farasi, bila picha?"

Bwana akatoa kifua. Kamera ikalia. Farasi akageuka, akatimka naye mpaka bandani.

Mejumaa alipowafikia, akasema, "Watalii hupigwa picha mwisho wa safari. Akisikia kamera, anajua sasa ni kurudi kula."

Lawama nazibeba mimi. Ndimi niliyekuwa mpiga picha wa hoteli, na hata picha yenyewe ilitoka mkia mtupu.