Potwe Aulizia Kwao Bi Chembe

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na maji!
Ya chumvi, basi sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna taratibu.

Palikuwa na Bi Chembe, kidudu cha baharini, mdogo kuliko punje ya mtama. Miguu yake kama makasia, na ubavuni vikapu viwili vya mayai yaliyokaribia kuanguliwa. Na palikuwa na Potwe, papa mkubwa kuliko nyumba hii, akipanua kinywa bahari inaingia: gubuu!

Siku moja Potwe akatangaza, "Bahari imejaa watu wasiojulikana. Mwenye ukoo na kwao, namwacha. Asiye na kwao, analiwa!"

Samaki wakaanza: Changu akataja kwao, akaachwa. Kibua akataja, akaachwa. Ikafika zamu ya Bi Chembe. Aliogopa, nisiwadanganye, mayai yote yalitetemeka.

"Wewe takataka, ukoo gani?"

"Wa kamba na kaa, bwana mkubwa. Mlango wetu ni wa miguu makasia."

"Na kwenu?"

"Kwetu Mafia. Usiniamini mimi, kaulize. Ila ada unaijua: aendaye kuulizia ukoo wa mtu hali kitu njiani, wasije wakasema kahongwa."

"Mimi? Nihongwe?" Potwe akafumba kinywa, akaondoka. Chubwi, chubwi, chubwi.

Akafika Mafia. "Bi Chembe kwao wapi?"

Vidudu wakajibu, "Kwao hapa. Ila shangazi zake wako Bahari ya Sham, hao ndio wajuzi."

Chubwi, chubwi, chubwi. "Bi Chembe kwao wapi?"

"Kwao hapa. Ila wajomba zake wako kusini, kwenye barafu."

Chubwi... chubwi... "Bi Chembe kwao wapi?"

"Kwao hapa. Ila bibi yake yuko kilindini, kusikofika jua."

Potwe akashuka, tumbo linanguruma. Bibi akamwambia, "Kwao hapa, mjukuu wangu. Umekula?"

"Sijala!" Akataka kulia.

Akarudi amekonda, ngozi inaning'inia. Nyuma yake ndugu wote, wamekuja kuona watoto, maana mayai yalikwisha anguliwa: pu! pu! pu! Maji yamejaa watoto tele.

"Kwao ni kila mahali," Potwe akakiri.

"Ahsante, bwana mkubwa. Na wewe, kwenu wapi?"

"Mafia!"

Wa Mafia wakasema, "Huyu? Tulimwona akipita tu."

Wa Bahari ya Sham wakasema, "Akipita tu."

Bibi wa kilindini akasema, "Akipita tu, tena na njaa."

Bi Chembe akawageukia wanawe. "Wanangu, sheria yake inasemaje?"

"Asiye na kwao, analiwa!" Maelfu wakapanua vinywa.

Potwe hakungoja. Chubwichubwichubwi! Bahari ikalipuka kwa vigelegele, na Bi Chembe akacheka mpaka makasia yakamlegea. Na mimi nilifurahi, acheni nifurahi!

Fundisho, wanangu: ukiwa mkubwa, usiwaulize watu kwao. Kula kwanza. Nanyi wadogo, mkiulizwa na wakubwa, nyamazeni kimya, kama Bi Chembe "alivyonyamaza"!

Hadithi yangu imezama hapa. Anayeitaka aifuate kwa pumzi yake.